Futi Hupima Kichwa, Haipimi Ubongo

Mzazi wa Gahanga, jijini Kigali, anayempeleka mwanawe kliniki huuliza kwanza kilo. Aulize pia mzunguko wa kichwa. Futi hupitishwa juu ya nyusi na masikio, ikazunguka hadi pale kisogo kilipochomoza zaidi. Mtoto aliyezaliwa baada ya kutimiza miezi yake huwa na sentimita 34 hivi. Afikishapo mwaka, 45 au 46.

Kichwa kikikua kwa kasi isiyo ya kawaida, utosi ukavimba na macho yakaelemea chini, huenda maji yamejaa ndani ya ubongo. Huo si uchawi. Mara nyingi hufuatia maambukizo ya siku za mwanzo za maisha. Kila wiki ipoteayo kwa waganga, ubongo huzidi kubanwa.

Hata hivyo, futi hulipima fuvu tu. Vichwa viwili vyenye mzunguko mmoja vyaweza kutofautiana sana: kimoja kimejaa ubongo, na katika kingine maji yameusukuma ubongo ukabaki kama ganda. Kwa hiyo hupigwa picha za tabaka, mfano wa mkate uliokatwa vipande. Mtaalamu huchora kwa mkono mpaka wa ubongo na maji katika kila kipande, kisha kompyuta huviunganisha na kuonyesha ujazo na umbo. Programu zilizozoea ubongo wa kawaida hupotea upesi mbele ya ubongo uliopindwa na maji. Hapo jicho la mtu lahitajika.

Vipimo vya namna hiyo vimewafaa wazazi. Katika hospitali ya CURE mjini Mbale, Uganda, watoto 100 wenye umri usiozidi miezi 6 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliwekewa mpira wa kupeleka maji tumboni. Jingine lilitobolewa njia mpya ya maji ndani ya ubongo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba, baada ya mwaka mmoja, makundi hayo hayakutofautiana kwa ukubwa wa ubongo wala kwa akili. Hilo ni jambo kubwa kwa familia iliyo mbali na hospitali, kwani mpira waweza kuziba wakati wowote.

Njia zote mbili zaweza kushindwa, hivyo mtoto aliyepasuliwa arudishwe kupimwa. Na aliye mzima apimwe kichwa kila aendapo kliniki, kipimo kiandikwe kadini. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.