Safari ya Kiangazi: Anza kwa Bibi, Ziwa Baadaye



Mwezi wa Juni unapokaribia na shule zikaanza kufungwa, mazungumzo ya jioni katika nyumba nyingi za mjini huwa ni yale yale: likizo hii tuwapeleke wapi watoto? Juma hili safu yetu inapenda kuzungumza na wale ambao kwao ni Mbinga na Nyasa, na pia na yeyote asiye na ndugu huko ila ana hamu ya kuiona pwani ambayo wengi wetu tumeijua kwa ramani ya darasani tu.

Neno pwani nimelitumia kwa makusudi. Ziwa Nyasa lina urefu upatao kilometa 560, na kina chake hufika meta 700. Mtoto wa Dar es Salaam akisimama juu ya mchanga wa Mbamba Bay huiita bahari, mpaka ayaonje maji. Kaskazini, Milima ya Livingstone huteremka hadi majini kwa ukali kiasi kwamba vipo vijiji ambavyo tangu enzi hutegemea mtumbwi na meli kuliko gari.

Basi aghalabu mtu akipanga safari hii, mawazo yake huanzia kwenye meli. Atapanda basi hadi Mbeya, ateremke Kyela, apande meli hadi Mbamba Bay, kisha apande milimani kuwaona wazee, na kurudi kwa barabara. Kwenye karatasi mpango huo ni mzuri sana. Mimi niliufuata mwezi wa Juni, mwaka 2022, nikiwa na mke wangu, watoto watatu na siku kumi za likizo.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiishi Tingi, juu milimani, katika ile iliyokuwa Mbinga kabla Wilaya ya Nyasa haijamegwa mwaka 2012. Vitukuu vyake hivyo vitatu alikuwa hajapata kuviona. Nilimpelekea habari siku ya kufika meli, naye akasema atateremka mwenyewe hadi bandarini kutupokea. Nilimsihi asijisumbue, lakini hakusikia.

Tulipofika Kyela ziwa lilikuwa limechafuka. Tulingoja siku ya kwanza, ya pili, na ya tatu, fedha za nauli zikigeuka kuwa fedha za nyumba ya wageni. Siku ya nne tuliiacha bandari, tukazunguka kwa barabara kupitia Njombe na Songea. Bibi alikuwa amekaa Mbamba Bay siku mbili, juu ya mkeka, akiuliza kila mvuvi kama ameona meli. Simu ya kijana aliyemsindikiza ilikuwa imekwisha moto. Akarudi Tingi. Tulipompata, tulikuwa na usiku mmoja tu wa kukaa naye kabla ya kuanza safari ya kurudi kazini. Alifariki mwezi wa Februari uliofuata.

Silaumu meli, wala simlaumu nahodha aliyekataa kuondoka. Kosa lilikuwa langu. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusi, ambao kando ya ziwa huitwa mwera, huvuma kutoka kusini kwenda kaskazini, yaani kwa urefu wote wa ziwa. Mawimbi hukusanya nguvu kwa mamia ya kilometa bila kizuizi, na yakifika upande wa Kyela yamekwisha kuwa makubwa. Wazee wa huko hawalifanyii mzaha jambo hilo. Tarehe 30 Julai, 1946, meli mpya iitwayo Vipya ilizama upande wa Nyasaland katika majira hayo hayo, na watu wapatao 145 wakapotea.

Mwaka 2023 tulikwenda tena, safari hii kuliona kaburi, na mpango tuliugeuza. Ndio ninaokuomba uufikirie.

Anza kwa barabara, nenda kwanza kwa watu. Kutoka Dar es Salaam hadi Songea ni zaidi ya kilometa 900, basi la alfajiri. Lala hapo, usiwalazimishe watoto. Songea hadi Mbinga ni kilometa 100 hivi. Kutoka Mbinga kuteremka Mbamba Bay, kilometa 67 hivi, sasa ni lami tupu, mahali ambapo zamani gari lilisukumwa na abiria wakati wa masika. Wabebee watoto sweta, maana Mbinga mwezi wa Juni ni baridi kweli kweli na kahawa ndiyo inachumwa. Ziwani ni joto, na hapo utahitaji chandarua. Kabla hawajaoga, waulize wenyeji mamba wako wapi.

Ukishakaa na wazee kadiri ulivyokusudia, teremka bandarini, uulize siku ya meli kwa watu wa bandari wenyewe, si kwa mwenye duka. MV Mbeya II, iliyoanza kazi mwaka 2021, ilijengwa huko huko Kyela ili ichukue abiria 200 na tani 200 za mizigo. Ukipanda kuelekea kaskazini mawimbi hukufuata kwa nyuma, na hata tumbo hutambua tofauti. Jipe siku tatu za kungojea, na usiziguse kwa shughuli nyingine. Zikiisha bila meli, barabara uliyojia ipo, nawe hujakosa ulilolifuata.

Njiani waonyeshe watoto Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya jabali lake. Hapo, tarehe 13 Agosti, 1914, meli ya Waingereza Gwendolen iliipiga mizinga meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Kapteni wa Kijerumani alikuwa hajapata habari ya vita. Alikuja mbio kwa mashua akimfokea mwenzake Mwingereza, rafiki yake wa kunywa naye, akitaka kujua kama amelewa. Mwanangu wa pili alicheka mpaka akasahau kutapika.

Wakati mwingine utaona moshi ukisimama katikati ya maji kama nguzo. Si moshi. Ni wadudu wadogo wasiohesabika, nao wenyeji huwakamata, wakawakanda na kuwapika. Nilionja. Sitasema zaidi.

Ukibahatika kuwa Matema siku ya Jumamosi, nenda Lyulilo kwenye soko la vyungu. Wakisi wa Ikombe huvileta kwa mitumbwi, vimepangwa kimoja ndani ya kingine, vyeupe na vyekundu, vyepesi kuliko unavyodhani. Mke wangu alinunua viwili, akavipakata mwenyewe ndani ya basi. Kimoja kilipasuka mdomo kabla hatujafika Uyole. Kingine kipo jikoni kwetu, na watoto hukiita cha bibi, ingawa bibi hakupata kukiona.