Rosa Mbele ya Wahakiki Wake

Tangu Rosa Mistika (1971) itoke, uhakiki wake umegawanyika kambi mbili, nazo zote zinakosea. Ya kwanza humtetea Rosa kwa kumnyang'anya hiari: Zakaria alimpiga kwa sababu ya barua ya mvulana, akamfungia ulimwengu, basi yaliyofuata ni matokeo tu. Ya pili humpa hiari yote kisha humhukumu nayo. Hii, ingawa hujiita ya Kikristo, kwa hakika ni ya Pelagio, aliyefundisha kwamba mtu aweza kuishinda dhambi kwa nguvu zake mwenyewe. Mtaguso wa Karthago uliyakataa mafundisho hayo mwaka 418.

Augustino alishikilia kwamba neema humtangulia mtu, na huiponya hiari yake pasipo kuiondoa. Kezilahabi, aliyepitia seminari, hakuliokota njiani jina la riwaya yake. Limetoka katika litania ya Bikira Maria, yaani katika maombi. Hebu basi tumsome Charles kwa jicho hilo. Rosa amekwisha kubadili mwenendo, lakini Charles ataka bikira. Kwake usafi ni deni, na toba haikubaliki kuwa malipo. Rosa anajiua. Aliteua mwenyewe, naam, ila aliteua baada ya kunyimwa msamaha na yule aliyeutarajia kwake.

Na wale wa "mazingira" watujibu: ikiwa hakuna aliyeteua lolote, mbona mwandishi anawasimamisha baba na binti mbele ya Mungu washtakiane?