Draiva tatu, namba moja? Mimi sikubali

Niko likizo home, Mishamo, na mtandao wa huku mnaujua, leo upo kesho haupo. Ila ule ubishi wetu wa ripo ya draiva haujaniacha, kwa hiyo natoa langu la moyoni.

Kwa ambao hawakuwepo: kikundi chetu kina draiva tatu za hifadhidata, ya MySQL, ya PostgreSQL na ya SQLite. Zote zimo ripo moja na zinabeba namba moja ya toleo. Mwezi uliopita jamaa mmoja karekebisha kitu kidogo kwenye ya MySQL, namba ikapanda kwa zote. Mimi natumia SQLite tu. Nikavuta toleo jipya kwa bando la mwisho, nafungua... hakuna hata mstari uliobadilika. Jamani!

Wengine wanataka ripo igawanywe iwe tatu, wengine hawataki hata kusikia. Mimi naona tunagombania folda wakati tatizo ni namba.

Angalieni PostgreSQL. Draiva yao ya Java ilikuwa ndani ya kodi kuu mpaka toleo la 8.0, mwaka 2005, ndipo ikatolewa (kama Katavi ilivyotoka Rukwa 2012, hahaha). Lakini kuhama tu hakukutosha. Namba zake ziliendelea kufuata za seva mpaka 9.4.1212, watu wakadhani ni ya seva ya 9.4 peke yake. Mwaka 2017 wakaruka hadi 42.0.0, utata ukaisha. Februari 2024 likatangazwa tundu la usalama kwenye draiva hiyo. Dawa ikatoka kwenye 42.7.2 na kwenye matoleo ya nyuma pia, mpaka yale ya 42.2, bila kusubiri seva itoe toleo lake.

Na msiseme hayo ni ya huko mbali. DHIS2, ambayo nchi yetu inakusanyia takwimu za zahanati na hospitali, imeandikwa kwa Java na inakaa juu ya PostgreSQL. Hesabu ya kina mama wanaojifungua huku kwetu inapita kwenye draiva ya namna hiyo.

Upande wa pili kuna Apache Airflow. Tangu 2.0, Desemba 2020, viunganishi vyake vya MySQL, Postgres na vingine kibao vinatolewa kila kimoja kwa namba yake, na bado vyote viko ripo moja. Kumbe inawezekana!

Sisi tuko wanne. Ripo tatu nani atazihudumia, na majaribio yetu karibu yote ni ya pamoja? Ripo ibaki moja. Kila draiva iwe na folda yake, namba yake na faili yake ya mabadiliko, na tagi ianze na jina: sqlite-1.4.1, mysql-2.0.0. Ikiguswa draiva moja, ipimwe hiyo. Likiguswa folda la pamoja, zipimwe zote. Na mwenye draiva aitoe mwenyewe, asisubiri kikao (vikao vyetu navyo, mmh).

Siku draiva itakapopata watu wake wasiogusa nyingine, ihame. Git inaruhusu folda kuondoka na historia yake.

Chuo kikifunguliwa tupige kura. Anayepinga aje na sababu, kelele aziache bwenini.