Wasioona nao waitazame ngoma

Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Ukweli wa methali hii niliuonja mwaka jana katika tamasha moja la shule, nilipoketi kando ya mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu ambaye haoni. Jukwaani ilikuwa isukuti, ile ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Kijana alikuwa akifuata mapigo kwa vidole juu ya goti lake. Ghafla ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Mwalimu, wanacheka nini?" akaniuliza.

Nikainama nimnong'onezee kuwa mchezaji aliyejifanya kikongwe ametupa mkongojo wake na sasa anatikisa mabega kuwashinda vijana. Kabla sijamaliza, msimamizi mmoja akaja kuniamuru ninyamaze, eti nawasumbua waamuzi. Nikanyamaza. Kijana naye akanyamaza, na vidole vyake vikatulia.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kupata habari kwa njia ifaayo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unatambua katika kifungu cha 30 haki yake ya kushiriki utamaduni sawa na wengine. Sisi tulimfungulia kijana yule mlango wa ukumbi, kisha tukamfungia ngoma yenyewe.

Dawa yake si ngeni. Mwaka 1981 mjini Washington, Marekani, Margaret Pfanstiehl, ambaye mwenyewe alikuwa na upungufu wa kuona, pamoja na Cody Pfanstiehl, walianza kuwasimulia wasioona michezo ya kuigiza katika ukumbi wa Arena Stage. Msimulizi hukaa kando na kueleza yanayotendeka, naye msikilizaji humsikia kupitia vifaa vya masikioni bila kumkera jirani. Katika maonyesho ya ngoma, wasioona huweza pia kualikwa mapema wayapapase mavazi na ala, hata wajaribu hatua chache.

Najua watakaosema kuwa vifaa hivyo ni ghali. Je, papo hapo tunakosa nini? Kutenga safu moja pembeni, mbali na waamuzi, hakugharimu chochote. Mwalimu wa ngoma kueleza kwa dakika mbili, kabla ya wachezaji kuingia, ni nani amevaa nini na atasimama wapi, hakugharimu chochote. Njuga, vigoma na mikongojo vipo nyuma ya jukwaa. Kinachotakiwa ni ruhusa ya kuvigusa.

Kazi hii ina faida hata kwa wanaoona. Msimulizi hasemi "wanacheza vizuri sana", kwa maana hilo halimwonyeshi mtu kitu. Husema: mabega yanatetemeka, magoti yamekunjwa, mduara unafumuka na kuwa mistari miwili. Huchagua neno moja lililo sahihi, kisha huuachia muziki nafasi yake. Walimu wenzangu wa Kiswahili, ni zoezi gani la insha ya maelezo litakalomnoa mwanafunzi kuliko hili? Wanafunzi nao wajaribu: mmoja afumbe macho, mwenzake amsimulie.

Tena sisi ni watu tuliokwisha kuonja utamu wa jambo hili. Marehemu Leonard Mambo Mbotela alitutangazia mpira redioni kwa miaka mingi, nasi tukiwa vijijini tukauona uwanja mzima kwa masikio. Kama mguu wa mchezaji wa kandanda ulisimuliwa, bega la mcheza isukuti lina kosa gani?

Waandalizi wa tamasha walitafakari hili kabla ya msimu ujao. Kumkaribisha mgeni karamuni, ukamkalisha, kisha ukamnyima sahani, na anayemmegea tonge ukamfokea: kama alivyozoea kutuuliza mtangazaji huyo, je, huu ni ungwana?