Kidonda cha mguu wa sungura kinaanzia kwenye sakafu

Leo siongelei bei ya nyama wala soko, maana kuna jambo linanikera kila nikizunguka mabanda ya huku Ubungo, kuanzia Kimara, Goba, Kwembe mpaka Kibamba. Namtoa sungura jike kizimbani, namgeuza miguu juu, nakuta nyayo za nyuma hazina manyoya. Ngozi nyekundu. Wengine tayari wana kidonda chenye gamba, na huku chini ya mkia manyoya yamelowa, yamegeuka njano, ngozi imechubuka kwa mkojo. Namuuliza mwenye banda, ananijibu, "Aa, hiyo kawaida yao, dokta." (Mimi si dokta, ni afisa mifugo wa stashahada, ila hilo tuliache.) Mwingine anasema, "Nimeshamchoma sindano."

Si kawaida yao, na sindano haijagusa chanzo. Msimamo wangu ni kwamba vidonda vya nyayo na ngozi kuungua kwa mkojo ni ugonjwa wa banda kabla ya kuwa ugonjwa wa sungura. Ukimtibu ukamrudisha palepale alipoumia, umetupa hela na umemuongezea mateso.

Angalia mguu wenyewe. Mbwa na paka wana vifuto vigumu chini ya miguu. Sungura hana. Kinga yake ni manyoya mazito tu, hayo ndiyo viatu vyake. Akitulia, uzito unaegemea kisigino. Ukimkalisha juu ya waya mwembamba mchana na usiku, waya unabana ngozi palepale, damu haipiti vizuri, manyoya yanakatika, halafu ngozi inapasuka. Hapo bakteria wanaingia, hasa wale wanaoitwa stafilokokasi ambao wapo tu kwenye mazingira. Wenye mwili mkubwa kama Flemish Giant na New Zealand White wanaumia mapema kwa sababu ya uzito. Rex naye manyoya yake ni mafupi, kwa hiyo kiatu chake ni chembamba toka mwanzo.

Sasa mkojo unaingiaje? Sungura mwenye maumivu ya mguu hasogei. Hainui makalio vizuri anapokojoa, mkojo unamrudia. Ngozi iliyolowa inalainika, inachubuka, na kidonda kilichokuwa kidogo kinapata unyevu wa kukilea. Anazidi kuumia, anazidi kukaa. Mzunguko huo unaweza pia kuanzia upande wa pili, yaani sungura mnene kupita kiasi, au mwenye mkojo mzito kama uji wa chaki, ndiye anayeanza kulowa nyuma kisha miguu inafuata. Na huku kwetu masika yakishika, hewa yenyewe ina maji na nyasi hazikauki, mambo yanaharibika haraka kuliko mnavyoona kwenye video za watu wa nchi za baridi.

Kuna kijana mmoja, mfugaji mzuri tu, ana vizimba vya ghorofa tatu. Wa juu wanakojolea wa kati, wa kati wanakojolea wa chini. Aliniita kuangalia majike wanaokataa dume. Nilipowageuza, zaidi ya nusu ya wale wa ghorofa ya chini walikuwa na vidonda. Mmoja alikuwa na hali mbaya kuliko wote, na bahati yake ni kwamba binti wa yule kijana, mtoto wa darasa la tatu, alishampa jina. Wengine baba alitaka wachinjwe. Huyu mtoto alilia, ikabidi atolewe kwenye waya, akawekwa kibarazani kwenye boksi pana lenye maranda chini na nyasi kavu nene juu.

Wiki ya tatu gamba limekauka. Mwezi wa pili ngozi imefunga na manyoya yameanza kurudi pembeni. Mtoto alikuwa anabadilisha nyasi kila siku kabla ya shule, ndiyo dawa kubwa iliyotumika pale. Nikamwambia baba mtu, basi wafanyie hivihivi na wengine. Akanijibu, "Afisa, huyu ni wa mtoto. Wale ni wa biashara."

Hilo jibu ndilo limenifanya niandike, kwa sababu naona vijana wengi wanaamini hivyo hata kama hawasemi. Haya, tupige hesabu ya biashara basi. Jike anabeba mimba siku 31 hivi. Ukimchinja kwa sababu ya mguu, mbadala wake unamlea miezi mitano, sita, akila chakula chako bila kukuletea kitoto hata kimoja. Dume mwenye kidonda kisiginoni hapandi, kwa sababu kupanda ni kusimamia miguu ya nyuma, na wewe unakaa unasema majike hayashiki mimba. Jike mwenye maumivu anakula kidogo, maziwa yanapungua, watoto wanadumaa. Hasara yote hiyo ipo, ila haiandikwi kwenye daftari. Na kwa taarifa yenu, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haikutungwa kwa ajili ya mbwa na paka wa nyumbani tu.

Nakubaliana naye kwenye kitu kimoja: huwezi kuweka majike 40 kwenye maboksi kibarazani. Lakini unaweza kubadilisha pale wanapokalia, na gharama yake si ya kutisha. Kwanza, wavu wa kuku wenye matundu ya pembe sita usiwe sakafu ya sungura hata siku moja, unanepa na unakata. Kama ni waya, tumia ule mnene uliochomelewa, matundu ya nusu inchi kwa inchi moja, uliokazwa vizuri, usio na ncha wala kutu. Pili, kila kizimba kiwe na sehemu ya kupumzikia juu ya waya, ubao laini au kipande cha mkeka wa ukindu wa kumtosha kujinyoosha. Ulaya wafugaji wa biashara huweka vibao vya plastiki vyenye matundu kwa kazi hiyohiyo. Ukindu akiutafuna hautamdhuru, tofauti na kiroba au kapeti la sintetiki, nyuzi zake zinaweza kuziba utumbo. Uwe na vipande viwili kwa kila kizimba, kimoja ndani, kingine kimeoshwa kinaanikwa juani. Mimi binafsi napenda mianzi iliyopasuliwa, upande laini juu, lakini inataka kusuguliwa mara kwa mara maana inanyonya mkojo.

Ghorofa nazo, lazima kila moja iwe na bati la mteremko chini yake. Hapa nawagusa wale wa mbolea ya mkojo. Najua biashara hiyo imetoka Kenya kwa kasi na huku imepokelewa, wengine wanasema mkojo unalipa kuliko nyama. Sina ugomvi nayo. Lakini dumu likae nje ya banda, na mkojo uteremke palepale unapotoka. Nimeona trei inaachwa siku tatu chini ya sungura ili "ijae vizuri". Inama mpaka pua yako ifike usawa wa pua ya sungura, vuta pumzi. Kama macho yanakuwasha, yeye anaishi humo, na mapafu yake nayo yataanza kukudai.

Sasa umeshampata mgonjwa, awe wa mtoto au wa biashara. Mtoe kwenye waya siku hiyohiyo. Mpe maranda makavu (si vumbi la mbao, linaingia puani) na nyasi kavu nene juu, badilisha kila siku. Chemsha maji nusu lita, weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yapoe yawe vuguvugu, usafishe kidonda kwa pamba au kitambaa safi. Iodini ya vidonda unaweza kutumia ukiizimua mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi. Kausha kwa kugandamiza taratibu, usisugue, na gamba kavu usilibandue. Manyoya ya unyayo usiyanyoe kabisa. Yale ya nyuma yaliyoganda kwa mkojo ndiyo unayapunguza, tena kwa uangalifu sana, ngozi ya sungura inachanika kirahisi kwa mkasi. Pakishakauka vizuri, paka mafuta ya mgando kidogo sana ili mkojo usiguse ngozi. Usimuogeshe mzima kwenye ndoo, mshtuko peke yake unaweza kumuua. Oili chafu, mafuta ya taa na spiriti vibaki kwenye kazi zake.

Kila asubuhi na jioni kagua nyuma. Nzi wa huku wakitaga kwenye manyoya yaliyolowa, funza wanaweza kuonekana ndani ya siku moja, na hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, usingoje kesho.

Kucha zikirefuka zinasukuma uzito kurudi kisiginoni, zikate, ukikwepa ule mshipa wa damu ndani. Mlo nao urudi kwenye nyasi: nyasi ziwe sehemu kubwa ya chakula, pumba na mahindi yapungue, maana ndiyo yanayonenepesha. Mwenye mkojo wa chaki mpunguzie lusina na majani mengine yenye kalsiamu nyingi, sungura hutoa kalsiamu ya ziada kupitia mkojo. Maji safi yawepo muda wote, hasa miezi ile ya joto letu kuanzia Desemba. Mkojo wa rangi ya chungwa au wekundu-wekundu peke yake usikutishe, mara nyingi ni chakula tu. Na ukiona magamba meupe kwenye vidole na pia puani na masikioni, huo ni ukurutu, una matibabu yake tofauti.

Kwenye dawa naomba mnisikilize sana. Amoksilini ya kapsuli mliyobakiza ndani, au penisilini yoyote ya kunywa, usimpe sungura. Inaua bakteria wazuri wa tumboni, wabaya wanatawala, anaharisha na anakufa. Nimesikia watu wanasema "kidonda kilimuua" wakati kidonda kilikuwa kimebaki kidogo tu kupona. Vidonge vya maumivu vya binadamu navyo usikisie. Kama unyayo umevimba, kuna usaha (wa sungura ni mzito kama dawa ya meno, hautoki kwa kukamua), kiungo kina joto, au ameacha kula kwa nusu siku, huyo si wa chumvi na mafuta tena. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, akuandikie dawa inayofaa sungura na ya kutuliza maumivu. Daktari akitaka kujua ni bakteria gani, sampuli zinapimwa Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, makao yao yapo Temeke hapohapo.

Yule kijana mpaka sasa ameweka mikeka kwenye ghorofa ya chini tu, ya kati na ya juu anasema atafikiria. Bado tunabishana. Nyie wengine, Jumamosi hii geuzeni sungura wote, mmoja baada ya mwingine, mumshikilie vizuri mgongo asipige teke, mpige picha nyayo za nyuma. Atakayekuta wekundu na hajui aanzie wapi, aende na picha hizo kwa afisa mifugo wa kata yake, na apige picha ya sakafu pia.