Mwimbaji Naye Huzeeka



Mwezi huu tuzungumze neno linaloleta kelele katika nyumba nyingi. Baba anafungua miziki yake ya zamani. Mtoto anacheka: "Ah, papa, hiyo ni miziki ya bazee!" Baba naye anajibu kwa ukali kwamba miziki ya siku hizi haina kichwa wala miguu. Wote wawili wanasahau kitu kimoja: yule aliyeimba ni mtu, na miaka yake inapita kama yetu.

Wimbo hauzeeki. Siku ulipoingizwa katika sahani, sauti ilibaki na umri wake wa siku ile. Lakini mwenye sauti aliendelea na safari. Alioa, akalea watoto, akazika rafiki, akatafuta chakula.

Tutazame majirani zetu ng'ambo ya Kasumbalesa. Katika miji ya shaba ya Zambia, kama Kitwe, vijana wa miaka ya 1970 walishika gitare za umeme. Walichukua roki ya Uingereza na Marekani, wakaichanganya na midundo ya kwao. Miziki ile inaitwa zamroki. Kundi lililojulikana sana ni WITCH. Kwa Kiingereza neno hilo ni mchawi, na kila herufi ilisimamia neno moja, maana yake: tunakusudia kuleta fujo. Unaweza kufikiri namna mama wa kanisa walivyolisikia! Mwimbaji wao ni Emmanuel Chanda, aliyezaliwa mwaka wa 1951. Watu walimwita Jagari, kutoka kwa jina la Mick Jagger wa Rolling Stones.

Sasa linganisha hao wawili. Jagger alizaliwa mwaka wa 1943. Mwaka wa 2024, akiwa amekwisha kupita miaka 80, alizunguka Amerika Kaskazini na kundi lake, akiimba katika viwanja vikubwa. Njia ya Jagari ilikuwa ingine. Katikati ya miaka ya 1970 bei ya shaba ilianguka, na sisi watu wa migodi tunajua vile mji unavyokuwa bei ikianguka. Kucheza miziki usiku kukawa shida. Jagari aliacha kundi, akawa mwalimu wa miziki. Baadaye akaingia kazi ya kuchimba mawe ya thamani. Ndiyo, msomaji: yule aliyepigiwa kelele na vijana wa nchi nzima, alishuka kuchimba udongo kama ndugu zetu wengi hapa.

Kisha UKIMWI ukapita katikati ya wanamiziki wa kizazi kile. Wenzake wanne wa kundi la zamani, wawili wa gitare, mmoja wa besi na mmoja wa ngoma, wote wamekufa. Amebaki yeye.

Mwaka wa 2012 nyimbo zao zilitolewa tena kule Marekani. Vijana ambao hawakuzaliwa wakati ule wakaanza kumtafuta mzee huyu. Alikwenda kuimba Ulaya na Marekani, na mwaka wa 2023 jina la WITCH likatoka tena juu ya albamu mpya. Pembeni yake walisimama wapigaji wengine, wengi wao vijana.

Sasa tuseme wewe ulimpenda tangu ujana, na leo unakutana naye njiani. Utafanya nini? Wengi wanataka awe yule wa picha. Wanaona mvi, wanasikia sauti haipandi tena, wanaondoka na kusema: "Amekwisha." Lakini tuambiane kweli. Huzuni ile si juu yake. Tukiona mvi zake tunahesabu zetu. Tulimwachia kazi ya kutulindia ujana wetu, na yeye hakuweza. Hakuna mtu anayeweza.

Basi, msalimie kama unavyosalimia mzee yeyote: "Jambo baba, habari ya nyumba?" Muulize habari ya watoto kabla ya kuomba picha. Kama anauza sahani yake, nunua, usiombe ya bure. Na kama wimbo wake ulikusaidia siku moja ya taabu, mwambie. Neno hilo linaweza kumshibisha kuliko makofi.

Sisi pia tulikuwa na wetu. Mwenda Jean-Bosco, mpiga gitare wa Likasi, aliingizwa katika sahani mwaka wa 1952, wakati mji ule ulikuwa bado unaitwa Jadotville. Gitare yake ilisikiwa mpaka ng'ambo ya bahari. Alikufa katika ajali ya gari mwaka wa 1990. Leo hakuna awezaye kumpa mkono. Lakini katika kata yako kuna mzee mmoja aliyepiga gitare zamani, na vidole vyake sasa vimekuwa vigumu. Huyo yuko hai. Umekwisha kupita mbele ya mlango wake mara ngapi?

Kijana, jumapili hii mwombe baba akuonyeshe wimbo mmoja alioupenda alipokuwa na umri wako, na umuulize ni nani aliyeuimba. Na wewe baba, sikiliza wimbo mmoja wa mtoto mpaka mwisho, bila kukunja uso. Mwimbaji wake pia siku moja atakuwa mzee, na mtoto wako pamoja naye.

Mubaki na amani. Tutaonana mwezi ujao.