Ati Wamejiuza! Nani Aliwalisha?

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Methali hii hunijia akilini kila nisikiapo vijana wenzangu wakimhukumu mwanamuziki kwa sababu ametia sahihi mkataba na kampuni kubwa. "Amejiuza huyo!" husema, na kesi imekwisha. Jana alikuwa shujaa, leo ni msaliti. Maoni yangu, ndugu msomaji, ni kwamba neno hilo hutamkwa ovyo ovyo, na mara nyingi hutamkwa na watu ambao hawajamlipa msanii huyo hata ndururu. Hebu tukitazame kisa cha bendi moja ya Marekani iliyoitwa Jawbreaker.

Kwanza tuelewane. Jawbreaker walipiga panki, yaani ule muziki wa gitaa wenye kasi na kelele uliovuma New York na London katika miaka ya 1970. Tawi lake moja huitwa pop-panki. Kelele ni zile zile, lakini tuni yake ni tamu, ukiisikia mara moja utaiimba hadi bwenini. Watu wa panki walijivunia kujitegemea tangu mwanzo. Bendi ya Buzzcocks ya Manchester, Uingereza, haikungoja kufunguliwa mlango na wakubwa. Mwaka wa 1977 vijana hao walikopa pesa kwa jamaa na marafiki, wakaitoa wenyewe santuri yao ya kwanza, Spiral Scratch. Nakala 1,000 za kwanza zikaisha zote. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu!

Jawbreaker walifuata nyayo hizo. Walikuwa watatu tu: Blake Schwarzenbach aliyeimba na kupiga gitaa, Chris Bauermeister wa gitaa la besi, na Adam Pfahler wa ngoma. Waliiunda bendi wakiwa wanafunzi wa chuo kikuu huko New York, kisha wakahamia California. Albamu zao tatu za kwanza, Unfun (1990), Bivouac (1992) na 24 Hour Revenge Therapy (1994), zilitolewa na kampuni ndogo ndogo.

Sasa, maisha ya bendi kama hiyo si lelemama. Watu na vyombo husongamana katika gari moja, usiku hulala sakafuni kwa wenyeji, na pesa za mlangoni zikishagawanywa huenda zisitoshe hata petroli. Afya nayo? Schwarzenbach aliota kinyama kooni, ikabidi afanyiwe upasuaji wakiwa katika ziara ya Ulaya. Mwimbaji kuugua koo ni kama mkulima kuvunjika mkono msimu wa mvua. Je, wale mashabiki waliotaka abaki "safi" ndio waliomlipia hospitali?

Hata hivyo, walipanda. Mwezi wa Oktoba 1993 walialikwa kuwatangulia Nirvana jukwaani katika maonyesho kadhaa. Hapo tayari wako waliowanunia. Schwarzenbach akawatuliza watu wake, akatangaza kwamba bendi yao haitaingia kampuni kubwa.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka wa 1994 Green Day, vijana wa pale pale California, walitoa albamu ya Dookie kupitia kampuni kubwa, nayo ikauzwa kwa mamilioni. Makampuni yakaanza kuzisaka bendi za panki kama fisi aliyenusa mfupa. Jawbreaker wakakubali kuingia DGC kwa mkataba uliosemekana kuwa wa dola milioni 1, na mwaka wa 1995 wakatoa Dear You. Lo! Sauti ilikuwa laini, rekodi imepigwa pasi ikanyooka, na mashabiki wakafura kwa hasira. Zilipopigwa nyimbo mpya, wako waliokaa chini ukumbini na kulipa jukwaa mgongo. Kampuni nayo haikuyaona mauzo iliyoyatarajia. Mwaka wa 1996, wakiwa safarini, Schwarzenbach na Bauermeister wakagombana na bendi ikavunjika. Walikosa huku na huku.

Najua mpinzani wangu atasema: ahadi ni deni, walisema wenyewe kwamba hawataingia, mbona wakaingia? Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Tena kampuni kubwa si mama wa mtu. Ikiona huna faida, itakutupa kama ganda la muwa. Kule Berkeley, California, kuna ukumbi wa 924 Gilman Street, ulioanzishwa mwaka wa 1986 na kuendeshwa na watu wa kujitolea. Ukumbi huo ulizifungia mlango bendi zilizosaini na makampuni makubwa, Green Day wakiwemo. Wenyewe walikuwa wakilinda jiko lao lisizimwe na wafanyabiashara, na sidhani kwamba walikosea kulilinda.

Lakini je, udogo ndio uaminifu? La hasha! Albamu mbili za kwanza za Green Day zilitolewa na Lookout Records, kampuni ndogo ya papo hapo California iliyopendwa sana na watu wa panki. Mwaka wa 2005 Green Day waliziondoa albamu hizo mikononi mwake, kwa sababu kampuni ilikuwa haiwalipi haki zao. Mwaka wa 2012 Lookout ikafunga duka kabisa. Kumbe hata rafiki wa mtaani anaweza kula jasho lako! Kwa hivyo swali la maana si ukubwa wa kampuni. Swali ni mkataba unasema nini, nani anamiliki nyimbo, na nani anahesabu pesa.

Na sasa sikilizeni mwisho wa kisa. Ile ile Dear You iliyopewa mgongo ilitolewa upya mwaka wa 2004 na Blackball, kampuni ndogo ya Pfahler, yule mpiga ngoma. Vijana wapya, wasiojua lolote kuhusu ule ugomvi, wakaipenda kama walivyozipenda zile za kwanza. Mwaka wa 2017 Jawbreaker walirudi pamoja, wakapiga katika tamasha la Riot Fest mjini Chicago mbele ya umati mkubwa. Green Day nao mwaka wa 2015 walipiga tena Gilman, katika onyesho la mchango. Hasira zilipoa, nyimbo zikabaki. Lakini miaka 21 ya bendi hiyo nani atairudisha?

Mashabiki wale waliupenda uhuru wa Jawbreaker, lakini bendi ilipoutumia uhuru huo kuamua jambo wasilolitaka wao, waliikasirikia. Huo si upendo wa uhuru, jamani. Ni kutaka kumfuga mtu! Bendi huru ni ile inayoamua yenyewe, hata ikiamua vibaya. Shabiki ana haki ya kusema albamu mpya ni mbovu, na hata asiinunue. Hana haki ya kumtaka mwenzake akeshe njaa ili yeye apate cha kujivunia.

Nasi hapa shuleni tujiulize. Nyimbo tunanakiliana kwenye simu bure, tamasha likija tunatafuta pa kupenyea bila kiingilio, halafu sisi ndio wa kwanza kupiga kelele msanii akipata mlo mezani. Na wenzangu mnaotunga na kuimba, msiape jukwaani kwamba hamtafanya hili wala lile. Kesho hamwijui.

Basi bendi ya vijana ikija ukumbini, lipa kiingilio. Na siku wakikuambia wamepata mkataba, usiwaite wasaliti. Waulize kwanza kama wameusoma.